Jenereta Inayozima Saa Nane Mchana

Mwanachuo mwenzangu, kama hujawahi kukaa Mwaya mwezi wa kumi, bado hujalijua joto. Sizungumzii joto la Mbeya mjini, lile la kuvua sweta saa sita na kulivaa tena saa kumi. Nazungumzia joto la Kyela kabla mvua hazijaanza, mchanga wa ufukweni unaunguza nyayo na kuku wamejificha chini ya mikakao. Huko ndiko nilikomalizia likizo ndefu iliyopita, na huko ndiko nilikogundua kwamba A yangu ya fizikia haina msaada mkubwa mbele ya jenereta iliyogoma.

Shangazi yangu ana kibanda karibu na ziwa. Anauza samaki, soda na maji ya baridi, na wikiendi anakodisha muziki kwenye sherehe. Umeme wa gridi upo, lakini upepo ukivuma kwa nguvu au nguzo ikilala, unaondoka bila kuaga. Kwa hiyo ana jenereta ndogo ya petroli, ya kilowati 2. Friza ikikaa bila umeme mchana mzima, samaki wanaharibika, na samaki wakiharibika ni hela ya ada yangu imeharibika. Sisemi hivyo kwa utani. Nusu ya ada yangu inatoka kwenye friza ile.

Basi bwana, jenereta ikaanza tabia. Asubuhi inawaka kwa mvuto mmoja wa kamba. Inanguruma vizuri hadi saa saba. Ikifika saa nane mchana, inazima. Ukiivuta haiwaki. Ikipumzika nusu saa, inawaka tena kama vile hakuna lililotokea, halafu baada ya dakika ishirini inazima tena. Jirani mmoja akasema petroli imechakachuliwa, mwingine akasema plagi. Kuna aliyesema tuna mtu anatuonea wivu.

Makala hii inaeleza tulichojifunza, maana najua wengi wetu tunaishi kwenye mageto yenye jenereta nyuma ya nyumba, na wengine ndio tunaotumwa kuziangalia kwenye sherehe na misiba nyumbani. Ukiwa "msomi" wa ukoo, chochote chenye waya ni chako.

Kwanza tuelewe joto lenyewe

Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Jenereta ya kilowati 2 ikibebeshwa mzigo kamili inakunywa lita moja hivi kwa saa. Maana yake kati ya hizo kilowati-saa 9, unapata 2 tu za umeme. Hizo 7 nyingine zinaenda wapi? Zinakuwa joto. Nyingine zinatoka na moshi kupitia bomba, nyingine zinatoka kwenye mwili wa injini. Ni sawa na kuwasha majiko ya umeme matano au sita kwa pamoja mahali pamoja.

Injini hizi ndogo hazina rejeta wala maji ya kupoozea. Zinapozwa na hewa. Nyuma ya ile sehemu ya kuvutia kamba kuna feni, inavuta hewa ya nje na kuipuliza kwenye mapezi ya chuma yaliyozunguka silinda. Hewa inaingia ikiwa ya baridi, inatoka ikiwa ya moto. Hewa isipopita, au ikiingia ikiwa tayari ya moto, injini haina namna nyingine ya kupumua.

Sasa, jenereta ya shangazi ilikuwa inakaa wapi? Ndani ya kasha la mbao lenye paa la bati. Mjomba alilitengeneza kwa nia njema kabisa: wezi wasiibebe, mvua isiinyeshee, na kelele zisiwafukuze wateja. Kasha lilikuwa na tundu moja tu dogo, la bomba la moshi. Yaani tuliweka majiko matano kwenye sanduku, tukafunga mlango, halafu tukashangaa.

Tatizo hili si la Mwaya peke yake. Marekani kuna watu wanaosafiri na magari makubwa ya kulala, nyumba nzima juu ya magurudumu, yenye jenereta iliyofichwa kwenye kiboksi ubavuni mwa gari. Wakifika kwenye majimbo ya jangwa wakati wa kiangazi, nao jenereta zinawazimia mchana, na jambo la kwanza wanaloambiwa wakague ni hilo hilo: je, hewa inaingia na kutoka kwenye kiboksi?

Makosa yetu, kwa mpangilio

Kosa la kwanza tulilifanya na fundi wa kwanza. Alikuja na bodaboda, akasikiliza, akafungua, akatuambia: "Hii inazimwa na sensa ya oili. Sensa zake hazina maana, zinasumbua tu." Akakata waya. Jenereta ikatembea siku mbili bila kuzima, tukamsifu sana.

Siku ya tatu ikaanza kuzima tena, lakini safari hii kwa namna tofauti. Zamani ilikuwa inakata ghafla, kama mtu amebonyeza swichi. Sasa ikawa inakohoa, sauti inapanda na kushuka, taa zinafifia, halafu inakufa taratibu. Mimi sikuona tofauti yoyote. Kuzima ni kuzima, nilidhani. Kumbe ndipo palipokuwa na jibu.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na nalibeba mimi. Jumamosi jioni kulikuwa na wateja wengi na umeme umekatika. Nikasema, kwa kuwa tatizo ni joto, tuihamishie kwenye korido ya nyumba, kwenye kivuli na sakafu ya baridi, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Shangazi akaniuliza, "Una uhakika, mwanangu?" Nikajibu kwamba mlango uko wazi, hewa inapita. Mtoto wa mjomba, wa miaka saba, alikuwa amelala chumba cha pembeni. Baada ya kama saa moja akaamka analia kichwa kinamuuma, akatapika. Tukasema malaria hiyo. Shangazi akambeba, akatoka naye nje kumpepea. Akiwa nje, akaanza kupata nafuu. Mimi nikaingia ndani kuchukua kanga yake, na kichwa changu nacho kikaanza kugonga.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo nililolifanyia mtihani. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi. Gesi hii haina harufu wala rangi. Inashikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka mwilini bila kubeba oksijeni ya kutosha. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kuishiwa nguvu. Soma tena hizo dalili. Ndizo zile zile tunazoziita malaria au uchovu, na ndiyo maana watu wanalala nazo wasiamke. Nilizima jenereta, tukafungua kila mlango, tukampeleka mtoto kituo cha afya, tukawaeleza wazi kwamba kulikuwa na jenereta ndani. Yuko salama. Lakini usiku ule sikulala, na hadi leo nikisikia jenereta inanguruma karibu na dirisha la mtu, naenda kubisha hodi.

Inakufaje?

Jumatatu mjomba akamleta mzee mmoja, fundi wa zamani wa mashine za kukoboa mpunga. Hakugusa spana. Alikaa kwenye kigoda, akaniuliza: "Haya, mwalimu, inakufaje?"

Nikamjibu inazima ikipata joto. Akasema, "Hilo umeshaniambia. Nakuuliza inakufaje? Ghafla au taratibu? Ikishakufa, inakubali kuwaka saa hiyo hiyo au mpaka ipumzike? Ikifa, injini ndiyo inayozima au umeme tu ndio unaopotea?" Nikatamani maswali yale yangekuwa kwenye kitabu. Nayaweka hapa kwa mpangilio, kwa namna alivyotueleza.

Ikiwa injini inaendelea kunguruma lakini umeme hakuna, ugonjwa hauko kwenye injini. Swichi ya ulinzi imeruka kwa sababu ya mzigo au joto, au kuna hitilafu upande wa kuzalisha umeme. Punguza mzigo, acha ipoe, rudisha swichi. Ikiruka tena bila mzigo, mwite fundi umeme.

Ikiwa injini inakata ghafla kama imezimwa kwa swichi, shuku vitu viwili. Cha kwanza ni oili. Ndani ya injini nyingi ndogo kuna kielea kinachopima kina cha oili, na oili ikipungua kinakata moto wa plagi ili injini isife. Injini hizi zinabeba oili kidogo sana, mara nyingi hazifiki lita moja, kwa hiyo upungufu mdogo tu unatosha. Kwenye joto kali oili inakuwa nyepesi na inaungua zaidi. Ukiiweka jenereta kwenye mchanga ulioinama, oili inalalia upande mmoja na sensa inadhani imekwisha. Kitu cha pili ni koili ya kuwashia moto. Koili iliyochoka inafanya kazi ikiwa baridi, ikipata moto inagoma, ikipoa inarudi. Ukibadilisha plagi na oili iko sawa, lakini bado haitoi cheche ikiwa moto, koili ndiyo mshukiwa.

Ikiwa injini inakohoa na kufa taratibu, hiyo ni njaa ya mafuta. Fungua mfuniko wa tenki mara tu inapozima. Ukisikia hewa inaingia "fiiih" na injini inakubali kuwaka papo hapo, katundu ka hewa kwenye mfuniko kameziba. Petroli haiwezi kushuka kama hewa haiingii kujaza nafasi yake. Ni sawa na dumu lililoinamishwa mdomo chini. Kama mfuniko ni mzima, angalia mpira wa mafuta unapita wapi. Petroli ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kabla ya nyuzi 40. Mpira ukipita karibu na bomba la moshi ndani ya kasha lenye joto, mapovu ya mvuke yanajaa ndani yake na mafuta hayafiki kwenye kabureta. Ikipoa, mapovu yanaisha, inawaka. Kisha chujio la mafuta na chujio la hewa nayo yasafishwe, maana jenereta yenye kiu au iliyozibwa pua haihitaji joto jingi ili igome.

Mzee akachomoa kijiti cha oili. Kilikuwa kikavu. Akamtazama mjomba, kisha akanitazama mimi. "Sensa ilikuwa inawaambia ukweli," akasema. "Mmemkata ulimi anayesema ukweli. Mngechelewa siku mbili tatu, injini ingenoki, mngenunua nyingine." Kumbe magonjwa yalikuwa mawili. Lile la kwanza, la kukata ghafla, lilikuwa oili. Tulipoinyamazisha sensa, likajitokeza la pili, petroli kuchemka kwenye mpira kwa sababu ya joto la kasha.

Jaribio moja tu kwa wakati

Mzee hakutaka tutengeneze kila kitu kwa mkupuo. Akaunga waya wa sensa, akajaza oili hadi kwenye alama. Akanionya kwamba kuzidisha nako ni kosa, injini itatoa moshi na kuumwa. Kisha akasema tuitoe kwenye kasha, tuiweke chini ya mwembe, kwenye ubao ulionyooka, mbali na nyumba, na tuibebeshe friza ile ile na taa zile zile. Tukaiwasha saa saba mchana. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Haikuzima.

Kesho yake tukairudisha ndani ya kasha na mzigo ule ule. Saa nane na nusu ikaanza kukohoa. Hapo hakukuwa na ubishi tena. Oili sawa, mzigo sawa, petroli sawa, saa sawa. Kilichobadilika ni kasha tu. Rafiki zangu wa maabara, hilo ndilo jaribio: badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo. Mzee hakuwahi kukaa darasa la chuo, lakini njia yake ilikuwa safi kuliko ripoti zangu nyingi za maabara.

Tukalifanyia kasha marekebisho. Tukakata dirisha kubwa la wavu chini, upande feni inapovutia hewa, na jingine juu zaidi, upande hewa ya moto inapotokea. Kati ya pande hizo mbili tukaweka kizuizi cha ubao, ili hewa iliyotoka isirudi kuingia. Paa la bati tukaliinua juu na kuliwekea makuti, maana bati lenye jua ni jiko jingine. Mpira wa mafuta ukahamishwa mbali na bomba la moshi. Mwisho mzee akafungua kifuniko cha feni, na ndani tukakuta mapezi yamejaa pumba za mpunga na mchanga, vimegandana na oili. Hata kama ungeiweka kwenye barafu, hewa isingepita.

Tukazingatia na upepo. Kwetu mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Upande wa kutolea hewa ya moto ukiuelekeza ziwani, upepo unairudisha ndani. Kwa hiyo hewa iingie upande wa ziwa, itoke upande wa pili. Ila usiku upepo hugeuka, unatoka milimani kwenda ziwani. Jenereta iliyowekwa vizuri saa nane mchana inaweza ikapeleka moshi kwenye dirisha la mtu saa tatu usiku. Ndiyo maana umbali ni muhimu kuliko mwelekeo. Wataalamu wa afya wanashauri angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, mbali na milango na madirisha. Sisi tukaweka 10 na waya mrefu mnene.

Suala la mlima na ziwa

Kuna jambo linalowachanganya watu wanaonunua jenereta Mbeya na kuzishusha Kyela. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ufukwe wa Mwaya hauzidi mita 500 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, na kwa makadirio ya kawaida injini ndogo inapoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hesabu hiyo, Mbeya jenereta inapoteza karibu asilimia 20, Mwaya asilimia 6 tu. Joto nalo linapunguza, lakini ni kama asilimia 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazozidi 25. Maana yake ni kwamba jenereta ya Mwaya ina nguvu zaidi kuliko ile ile ikiwa Mbeya. Kinachoiua ziwani ni kukosa kupozwa.

Ila kuwa makini: kama fundi wa huku juu aliibadilishia kabureta jeti ndogo ili ikubaliane na hewa nyepesi, ukiishusha ziwani itapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Mchanganyiko wa namna hiyo unaipandisha injini joto na unaweza kuiharibu kabisa. Ukinunua jenereta iliyotumika, uliza ilikuwa inatumika wapi.

Na mzigo pia usiusahau. Friza inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara tatu au zaidi ya ule inaotumia ikishatulia. Washa friza kwanza, isubiri itulie, ndipo uongeze spika na taa. Kwenye joto, usiizidishe robo tatu ya uwezo wake.

Ya kukumbuka ukirudi geto

Pima oili kila unapotaka kuwasha, injini ikiwa imenyooka. Badilisha oili kwa muda uliotajwa kwenye kitabu chake. Kwa nyingi ni karibu kila saa 100, na mapema zaidi ikiwa mpya. Usijaze petroli injini ikiwa ya moto. Zima, subiri ipoe. Usikate waya wa sensa, hata ukiambiwa na fundi mwenye maneno matamu. Na usiiweke ndani ya nyumba, iwe ni korido, stoo au baraza iliyozungushiwa ukuta, hata mlango ukiwa wazi. Mtu akiumwa kichwa na kutapika karibu na jenereta, mtoe nje kwanza, zima, mpeleke hospitali, na useme kuhusu jenereta kabla hawajaanza na kipimo cha malaria.

Siku naondoka kurudi chuo, shangazi alinifungia mchele kilo kumi na samaki wakavu kwenye gazeti. Mzee fundi alipita kuniaga. Nikamwambia ndaga fijo, nikamuuliza tumlipe nini zaidi. Akacheka, akasema nikawafundishe wanafunzi wangu kuuliza "inakufaje" kabla ya kushika spana. Nyuma yake jenereta ilikuwa inanguruma chini ya makuti, saa nane na robo mchana, na mtoto wa mjomba alikuwa mbali nayo, upande wa ziwa, anacheza mpira.